Sumu Iliyomo Katika Muhogo, Dalili Zake na Tiba Yake

Hatudhani kwamba yuko msomaji wetu hata mmoja asiyeujua muhogo. Wako walioukuta katika mashamba ya baba zao, wako ambao babu zao waliamriwa kuupanda zamani za utawala wa Waingereza ili uwe akiba ya wakati wa njaa na nzige, na wako wasiokuwa na chakula kingine ila huo tangu Januari mpaka Desemba. Ni mmea mvumilivu. Hauombi mbolea, hauchagui ardhi, na mvua ikikatika mahindi yakanyauka, muhogo hungoja chini ya udongo mpaka mwenyewe auhitaji. Kwa hiyo mtu asidhani kuwa nia yetu leo ni kuutukana muhogo. Nia yetu ni kueleza jambo ambalo bibi zetu wengi walilijua kwa vitendo pasipo kulijua kwa maneno, nalo ni kwamba ndani ya mmea huu imo sumu, na ya kuwa kazi ndefu ya kumenya, kuloweka, kuchachusha na kuanika si desturi tu, bali ni kazi ya kuiondoa sumu hiyo kabla ya chakula kufika kinywani.

Tuanze na habari iliyotokea karibu nasi. Mwezi wa Septemba mwaka 2017, katika wilaya ya Kasese, magharibi ya Uganda, watu waliohudhuria maziko waliugua baada ya kula chakula. Walishikwa na tumbo, wakatapika, wakaharisha, na habari ilipochunguzwa ikaonekana kwamba wako na wagonjwa wengine wenye dalili zizo hizo. Hesabu yao wote ilifika 98, na katika hao 2 walikufa. Waganga wa serikali walikwenda wakauliza kila mtu alikula nini, na majibu yakaelekea mahali pamoja, yaani ugali wa muhogo. Basi wakaufuata ule unga toka jikoni hata dukani, na toka dukani hata kwa mfanyabiashara mmoja wa jumla aliyewauzia wenye maduka. Unga ulipopimwa, ukaonekana una sayanidi kadiri ya miligramu 88 katika kila kilo moja. Kipimo kilichokubaliwa na mashirika ya dunia yanayoangalia chakula na afya ni miligramu 10 katika kilo, wala si zaidi. Polisi wakautwaa unga uliobaki madukani, na watu wakafundishwa.

Twawaomba wenye mamlaka vijijini walitafakari jambo hili kidogo. Watu wamekusanyika matangani. Wamekula chungu kimoja. Usiku wanaanza kutapika, na wawili wanakufa. Ni vijiji vingapi ambavyo watu wangeuliza habari za unga? Aghalabu swali la kwanza lingekuwa, nani aliyepika, na nani alikuwa na ugomvi na marehemu. Mzee mmoja angetajwa, au mwanamke mjane, na kabla ya jua kuchwa damu nyingine ingemwagika juu ya ile iliyokwisha potea. Mkubwa wa kijiji aliye na akili, watu wengi wakiugua kwa pamoja baada ya kula, kwanza huamuru chungu kisioshwe na unga uliobaki usitupwe, ukahifadhiwe kwa ajili ya kupimwa. Chungu ndicho shahidi, nacho hakina chuki na mtu.

Sasa tueleze hiyo sayanidi ni kitu gani. Asili yake ni vitu vitatu vilivyoungana, kaboni, naitrojeni na haidrojeni. Kila kimoja mahali pake twakijua. Kaboni ndiyo iliyo ndani ya makaa, naitrojeni ni sehemu kubwa ya hewa tuvutayo, na haidrojeni imo ndani ya maji tunywayo. Vikikaa mbalimbali havina neno, lakini vikiungana vitatu hivi, kimoja kwa kimoja kwa kimoja, hupatikana sumu ambayo ni miongoni mwa zile ziuazo kwa haraka kupita zote. Walimu watakaosoma habari hii darasani wanaweza kuitumia kuwaonyesha watoto kwamba katika elimu ya kemia kitu huhesabiwa kwa namna kilivyounganishwa, wala si kwa vile kilivyoundwa navyo tu.

Katika muhogo sumu hii haikai wazi. Imefungwa pamoja na sukari, na kitu hicho kilichofungwa wataalamu hukiita linamarini. Linamarini imetunzwa katikati ya seli za mmea, na katika kuta za seli hizo imewekwa chachu ambayo kazi yake ni kuifungua. Maadamu mmea haujaguswa, viwili hivi havikutani, kama baruti iliyowekwa chumba kimoja na kiberiti chumba kingine. Lakini panya akiutafuna muhogo, au nguruwe akiutia meno, au mama akiupara kwa kisu, kuta za seli hupasuka, chachu huikuta linamarini, na sayanidi hutoka. Ndiyo silaha ya mmea juu ya adui zake. Kwa hiyo wakulima wa sehemu nyingi huupenda muhogo mchungu, maana ngedere na nguruwe huuogopa, na hata mwizi wa usiku hawezi kuung'oa akautafuna mbichi huku akikimbia.

Watu husema kwamba muhogo mtamu hauna sumu na mchungu ndio wenye sumu. Neno hili lina kweli nyingi, lakini si kweli yote. Uchungu na sumu kwa kawaida huenda pamoja, tena ulimi wa mwanamke aliyezoea ni kipimo kizuri. Hata hivyo muhogo ule ule, toka shina lile lile, huzidi sumu mwaka wa ukame. Aliyeuona mtamu mwaka wa mvua asiuamini mwaka wa jua mpaka ameuonja tena. Maganda yana sumu kupita nyama ya ndani, na majani pia yana sumu nyingi. Na ule mti wa mpira ulioletwa katika nchi hii zamani za Wadachi, ambao wengi wetu twala majani yake kwa jina la kisamvu cha mpira, ni ndugu wa muhogo, nao una sumu iyo hiyo.

Hapa twafika penye jambo ambalo watu wengi, hata waliosoma, hulikosea. Mtu husema, "Moto huua kila sumu, nitauchemsha sana." Fikiri vizuri. Kinachoifungua linamarini ni ile chachu, na chachu hufa kwa moto. Ukiutumbukiza muhogo mchungu mzima katika maji yanayochemka, wamuua yule mwenye ufunguo, na sanduku linabaki limefungwa na sumu ndani yake. Sehemu ndogo itayeyuka katika maji, lakini linamarini yenyewe haivunjwi na maji ya moto wa jikoni. Mlaji huimeza, na huko matumboni vijidudu vya utumbo huifungua kidogo kidogo. Ndiyo sababu ya kwamba mtu aliyekula muhogo mchungu wa kuchemsha pengine haoni neno mpaka saa kadhaa zimepita.

Njia ya wahenga ni kinyume chake, nayo ina hekima. Kwanza vunja, kisha ngoja, ndipo utumie moto. Muhogo ukimenywa ukalowekwa majini siku tatu mpaka ukalainika, seli zake hupasuka zote, chachu hufanya kazi yake yote, na sumu hutoka. Sayanidi iliyofunguliwa haipendi kukaa. Huchemka kwa joto la digrii 26, yaani joto la kawaida la mchana katika nchi zetu, hivyo hupaa kama mvuke na kupotea hewani. Kwa hiyo kisamvu kilichotwangwa sana kinuni kabla ya kupikwa, tena kikachemka bila kifuniko, ni chakula salama, maana mchi umefungua na moto umefukuza. Kisamvu kilichokatwa-katwa tu kwa uvivu na kutiwa chunguni si kitu kimoja na hicho.

Katika Amerika ya Kusini, kwenye asili ya mmea huu, wenyeji waliupara muhogo, wakaukamua maji yake katika mfuko mrefu uliosukwa, kisha wakaukaanga, na Afrika ya Magharibi watu hufanya karibu vivyo hivyo. Wareno waliuleta Afrika katika karne ya 16. Lakini mche husafiri upesi kuliko ujuzi. Mara nyingi nchi ilipokea fimbo za kupanda bila ya kumpokea bibi ajuaye kuutengeneza, na kama tulivyosema, sehemu nyingine ulifika kwa amri. Amri ya kupanda si somo la kupika.

Katika pwani yetu na wilaya za kusini desturi kubwa ni makopa, yaani muhogo uliomenywa, ukapasuliwa na kuanikwa juani. Hatuna budi kusema wazi kwamba kuanika peke yake hakutoshi kwa muhogo mchungu sana. Chachu yahitaji maji ili ifanye kazi, na kipande kilichokauka upesi huhifadhi sumu yake ndani. Ni ajabu kwa msikiaji, lakini imeonekana kwamba vipande vyembamba vinavyokauka siku moja hubaki na sumu zaidi kuliko vinene vilivyokauka pole pole. Mwaka 1988, katika wilaya ya Masasi, watu waliugua kwa kula muhogo usiotengenezwa vya kutosha. Ilikuwa ni wakati wa upungufu wa chakula, na njaa haina subira. Mama ambaye watoto wake walilala bila kula jana hawezi kungoja siku tatu za kuloweka, naye huusaga muhogo leo na kuupika leo. Sisi hatumlaumu.

Dalili za ugonjwa ni hizi. Mtu huanza kusikia kizunguzungu na kichwa kumwuma. Moyo humwendea mbio. Tumbo humsokota, akatapika, na pengine akahara. Mwili humlegea hata miguu haimchukui. Akiwa amekula sumu kidogo, dalili hupungua baada ya siku moja, naye hupona. Akiwa amekula nyingi, pumzi humwenda kasi kama mtu aliyekimbia, kisha akili huchafuka, hushikwa na degedege, hupoteza fahamu, na pumzi ikapungua mpaka ikakoma. Jambo la ajabu ni kwamba damu yake yaweza kuwa nyekundu sana, imejaa oksijeni, na huku mwili wafa kwa kukosa hiyo oksijeni. Sayanidi hushika chuma kilichomo katika kiungo kidogo cha seli ambacho kazi yake ni kupokea oksijeni na kuigeuza kuwa nguvu. Ghala imejaa nafaka, lakini mikono ya wenye nyumba imefungwa; watu wanakufa njaa mbele ya mlango.

Watoto huumia kwanza. Walimu na wafanye hesabu hii ubaoni. Sumu iwezayo kumwua mtu hukadiriwa kuwa kati ya nusu miligramu na miligramu tatu na nusu kwa kila kilo moja ya uzito wa mwili. Chukua unga kama ule wa Kasese, wenye miligramu 88 katika kilo. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60 akila ugali wa gramu 300 za unga huo, na sumu yote ikafunguliwa mwilini, hupata miligramu 26 na kidogo, yaani chini ya nusu miligramu kwa kila kilo ya mwili wake. Ataugua, lakini yamkini ataishi. Mtoto wa kilo 15 akila gramu 200, hupata miligramu 17 na nusu na zaidi kidogo, yaani zaidi ya miligramu moja kwa kila kilo yake. Wote wawili wameketi katika sinia moja, na baba amemhimiza mwanawe ale ashibe. Unga ungekuwa wa miligramu 10, mtoto huyo angepata miligramu 2 tu, ambazo mwili wake ungeweza kuzishinda.

Maana mwili una dawa yake wenyewe. Katika ini kuna chachu ambayo huichukua sayanidi na kuitia kiberiti, yaani salfa, nayo ikageuka kuwa kitu kingine kisicho na ukali kama ule, kikatoka katika mkojo. Salfa hiyo mwili huipata katika chakula cha kujenga mwili, yaani nyama, samaki, maziwa na mayai, na kidogo katika kunde na maharage. Basi mtu alaye ugali wa muhogo kwa dagaa ana silaha. Alaye ugali wa muhogo kwa chumvi na majani, siku baada ya siku, silaha yake yapungua kila jioni. Kile kitu kinachotoka katika mkojo nacho, kikizidi mwilini, huzuia tezi la shingo lisipate madini ya joto, ndipo rovu huonekana zaidi katika nchi za muhogo zisizo na chumvi ya madini joto.

Mgonjwa akipatikana, la kufanya nyumbani ni machache, na la lazima kupita yote ni kumfikisha hospitali upesi. Asiye na fahamu alazwe ubavu, ili akitapika yasimrudie kooni, wala asinyweshwe kitu cho chote kwa nguvu, si maziwa, si mafuta, si dawa ya mizizi. Aliye na degedege asishikwe meno. Wachukuzi wachukue na sehemu ya unga au ya ugali uliobaki, wamwambie mganga wazi, "Huyu amekula muhogo mchungu, saa fulani." Maneno hayo machache hufaa kupita vipimo vingi, maana kutapika na kuhara kuna sababu mia, na mganga ambaye hakuambiwa habari za muhogo yaweza kuwa atatibu kipindupindu au malaria huku saa za mgonjwa zinakwisha.

Hospitalini mgonjwa hupewa hewa ya oksijeni, na maji yenye sukari na chumvi kwa njia ya mshipa kwa ajili ya yale aliyoyatapika, na dawa ya kutuliza degedege ikiwa analo. Wagonjwa walio wengi hupona kwa hayo tu. Kwa aliye hatarini ziko dawa za kuipinga sumu yenyewe. Moja ni thayosalfeti ya sodiamu, ambayo kazi yake ni kuliletea ini ile salfa iliyopungukiwa. Mtu mzima hupewa gramu 12 na nusu mshipani pole pole. Ya pili ni haidroksokobalamini, nayo tungependa kuieleza zaidi kwa kuwa inapendeza kuijua. Ni namna ya vitamini B12, ambayo ndani yake imo chembe ya madini ya kobalti. Sayanidi huipenda kobalti kupita ile chuma ya seli, hivyo huiacha seli ikaenda kujifunga kwenye dawa, na viwili vikiungana huwa vitamini B12 yenyewe, kitu kisicho na madhara, ambacho hutoka katika mkojo. Mkojo wa mgonjwa huwa mwekundu, na ndugu zake wasiogope wakauona. Mtu mzima hupewa gramu 5 kwa muda wa dakika 15, na mtoto miligramu 70 kwa kila kilo ya uzito wake. Wako watu waliosikia kwamba dawa hiyo imo katika zahanati zao kwa ajili ya upungufu wa damu, na kweli, jina ni moja, lakini chupa ile ndogo ina miligramu moja tu. Kumtibu mtu mmoja mwenye sumu zingehitajika chupa 5,000. Dawa ya kadiri kubwa hutengenezwa mbali na bei yake ni ghali, kwa hiyo hospitali nyingi za wilaya hazinayo, wala si vema kumlaumu mganga kwa jambo hilo. Iko pia dawa ya zamani iitwayo naitraiti ya sodiamu, lakini hiyo huidhoofisha damu katika kuchukua oksijeni, na kwa mtoto mwenye upungufu wa damu ni hatari. Ni dawa ya mikono ya mjuzi. Vipimo hivi tumevitaja ili msomaji aelewe kinachofanyika, si ili mtu ye yote ajaribu nyumbani.

Imesalia habari ya ugonjwa ambao hauna tiba, nao ndio uliotusukuma kuandika makala haya. Mwaka 1938 daktari mmoja Mtaliano jina lake Trolli alichapisha habari za ugonjwa wa kupooza ulioonekana katika nchi ya Kwango, Kongo, wakati ule ikiwa chini ya Wabelgiji. Wayaka, wenyeji wa huko, waliuita konzo, neno lenye maana ya miguu iliyofungwa. Mtu hulala mzima, asubuhi miguu yake miwili imekakamaa. Akijaribu kutembea husimama juu ya vidole, magoti yakigongana na miguu ikipishana kama mkasi. Wengine huhitaji fimbo moja, wengine mbili, na wengine hutambaa maisha yao yote. Wako ambao mikono na usemi pia huharibika. Hauumizi, hauna homa, hauzidi baada ya siku zile za kwanza, na haupungui. Watu huudhania kuwa ni polio, lakini miguu ya polio huwa milegevu na ya konzo huwa mikavu kama mti. Zaidi huwapata watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa.

Miaka mingi sababu yake haikujulikana. Mwaka 1981, wakati wa ukame mkubwa, ugonjwa huo ulilipuka katika jimbo la Nampula, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, na watu zaidi ya elfu moja walilemaa. Wenyeji waliuita mantakassa. Waganga waliouchunguza, na mmoja wao alikuwa Mswidi Hans Rosling, ambaye baadaye alijulikana duniani kote kwa mafundisho yake ya hesabu za afya, waliona kwamba waliougua walikuwa wameishi majuma mengi kwa muhogo mchungu ulioanikwa kwa haraka, bila kitoweo. Mwaka 1985 ulionekana Tarime, katika mkoa wa Mara, nao wakati wa ukame. Katika nchi ya Bandundu, Kongo, ulizidi kwa sababu nyingine kabisa: barabara ya kwenda Kinshasa ilitengenezwa, biashara ya muhogo ikastawi, na wanawake wakapunguza siku za kuloweka toka tatu hata moja ili wawahi gari. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba jambo hili ni la njaa peke yake. Faida nayo ina haraka zake.

Mahali palipo na maji tele, shauri ni lile la kuloweka siku tatu. Lakini wilaya nyingi zenye muhogo mchungu ndizo zenye shida ya maji, na kumwambia mama mwenye mtungi mmoja aloweke gunia zima ni mzaha. Kwa ajili ya hao iko njia nyepesi iliyobuniwa na mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury. Tangu mwaka 2010 imefundishwa katika vijiji vya Popokabaka, huko huko Kwango ambako konzo iliandikwa mara ya kwanza, na katika vijiji vya kwanza vilivyofundishwa wagonjwa wapya hawakuonekana. Haiondoi kazi ya kumenya na kuanika, huifuata. Nayo yafanywa hivi.

Unga uliokwisha sagwa utiwe katika beseni, na mahali unga unapofikia patiwe alama kwa kisu au kwa makaa. Umiminiwe maji huku ukikorogwa. Kwanza unga utashuka, maana hewa iliyokuwamo yatoka. Endelea kutia maji na kukoroga mpaka umerudi penye alama. Hapo umelowa, lakini si uji. Kisha utandazwe juu ya mkeka au jamvi safi, unene wake usizidi upana wa kidole kidogo, na uachwe saa mbili juani, au saa tano kivulini ikiwa siku ni ya mawingu. Katika muda huo chachu iliyobaki kavu ndani ya unga huamka kwa maji, huifungua linamarini iliyosalia, na sayanidi hupaa. Unga uliokuwa na sumu sehemu sita waweza kubaki na moja au mbili. Watoto wachanga wasiachwe kucheza karibu na mkeka huo. Muda ukiisha unga usongwe ugali kwa maji ya moto siku iyo hiyo, kwa maana ukilazwa huchacha, na harufu yake haipendezi.